Timu ya wanawake ya kriketi kutoka Arusha kwenda Uingereza mwezi wa saba: mipira, viatu, mizigo, viza. Wenye uelewa nisaidieni

Meneja_Vifaa_AR

Wakuu, habari za humu.

Timu yetu ya wanawake, mchanganyiko wa Arusha na Moshi, ina ziara ya siku 16 kusini mwa Uingereza mwezi wa saba mwakani. Wachezaji 14, viongozi watatu, tunaondokea KIA. Mechi ni nane: sita za ova 20 (ova moja ni mipira sita) zinazoanza saa 12 jioni katikati ya wiki, na mbili za ova 40 siku za Jumapili. Wachezaji watatu hawajafikisha miaka 18, wanne wanavaa hijabu.

Mazoezi tunafanyia kwenye pichi ya saruji yenye mkeka. Neti zipo mbili. Mipira ni ya ngozi, hii tunayoipata kwa kuokoteza. Wengi hawajawahi kucheza kwenye pichi ya nyasi.

Naomba kujua: tufanye mazoezi kwa mipira gani, tununue viatu gani, mizigo tuipangeje ili tusilipie uzito wa ziada, na viza tuanze lini. Halafu kuna wanaosema kila mtu lazima apimwe TB, na kwamba tufike siku nne kabla ili miili izoee saa za kule. Siku moja ya malazi kwa watu 17 si hela ndogo, ndiyo maana nauliza kabla sijapeleka bajeti.

---

Mshono_Wima

Karibu mkuu. Anza na mpira, hayo mengine yanafuata.

Kagua ile mipira mnayookoteza. Mpira wa kriketi ya wanawake, kwa sheria, una uzito wa gramu 140 hadi 151 na mzingo wa sentimeta 21 hadi 22.5. Wa wanaume ni gramu 155.9 hadi 163. Muhuri wake, kwa aunsi, utakuonyesha: ukiona 5½ ni wa wanaume, ukiona 5 ni wenu, ukiona 4¾ ni wa watoto. Timu nyingi za wasichana huku kwetu zinafanya mazoezi na 5½ kwa sababu ndiyo iliyopo. Mrushaji anazoea kuukamata mpira mnene, vidole vinakaa mbalimbali, na siku akipewa mdogo unamponyoka. Mpigaji naye anazoea mpira mzito. Achana nayo mapema, hata kama itabidi mbaki na mipira michache.

La pili ni aina. Waandikieni wenyeji sasa hivi muulize mpira wa mechi ni wa kampuni gani, rangi gani, na nani anautoa. Uingereza Dukes ni wa kawaida sana. Mshono wake umeinuka na umeshonwa kwa mkono, hivyo unashika pichi na unayumba hewani kwa muda mrefu kuliko Kookaburra. Arusha huupati dukani kirahisi, kwa hiyo mwombeni mtu anayekuja awabebee. Mipira 24 inawatosha mpaka kuondoka, na yote pamoja haifiki kilo 4.

Sasa kwa nini utayumba zaidi kule? Watu husema ni mawingu na unyevu. Hewa yenye unyevu kwa kweli ni nyepesi kidogo kuliko kavu, kwa hiyo maelezo hayo peke yake hayatoshi. Lenye uhakika ni mwinuko. Arusha mko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 900, na kusini mwa Uingereza viwanja vingi viko chini kabisa. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya huko. Hewa nzito inausukuma mpira pembeni zaidi na pia inaukaba ukiwa juu. Lile pigo la mikimbio sita la Arusha linalopita kamba kwa mita mbili, kule linadakwa. Kwenye mazoezi rudisheni kamba nyuma mita tano na muwaambie wapigaji sababu, la sivyo watadhani wamepungukiwa nguvu.

Kigali isiwadanganye. Timu ya taifa ya wanawake ilibeba Kwibuka, mashindano ya huko, 2019 na 2022, lakini kule nako ni juu ya mita 1,400. Hewa ni hii hii yetu.

Kwa warushaji: vidole viwili juu, kimoja kila upande wa mshono, gumba chini yake, kifundo cha mkono nyuma ya mpira mpaka unapoachia. Chukueni mpira wa zamani, pakeni rangi nusu moja kwa kalamu ya wino mzito, na mtu asimame nyuma ya mrushaji. Rangi mbili zikionekana zimegawanyika vizuri, mshono umesimama. Zikichanganyika, mshono unatetemeka na mpira hautayumba hata ukiwa London. Upande unaong'aa unasuguliwa kwa jasho tu; mate yamepigwa marufuku moja kwa moja tangu Oktoba 2022, na warushaji wetu wengi bado wana tabia hiyo. Pia wasogeze mpira mbele zaidi kuelekea mpigaji, nusu mita hadi mita nzima kuliko mnavyorusha kwenye mkeka. Ukidunda mfupi kule haupandi. Unakaa tu pale, mpigaji anausubiri.

Kwa wapigaji ndipo kazi ilipo. Mkeka juu ya saruji unapandisha mpira hadi kiunoni, na pigo la kukata na la kuvuta ndiyo chakula cha kila siku. Kwenye nyasi yenye unyevu mpira uleule unafika gotini au chini yake, na umesogea kidogo baada ya kudunda. Mtu akivuta mpira wa hivyo, anapigwa mguuni mbele ya wiketi au vijiti vinaanguka. Wafundisheni kusubiri: gongo lishuke wima, mpira upigwe ukiwa chini ya macho, mikono laini. Tepu nyeusi ya umeme ikifunika nusu ya mpira wa tenisi, mpira huo unayumba vibaya sana, na unagharimu kidogo. Dakika 20 kwa kila mpigaji, mara tatu kwa wiki.

Na masika msisimamishe mazoezi. Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo Arusha inawapa uwanja uliolowa, baridi, na mpira unaoteleza chini. Tafuteni kipande cha uwanja wa shule, mita 20 kwa tatu, kikateni mfupi kabisa, kishindiliweni kwa roli udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukiwa tope utapasuka ukikauka, ukiwa mkavu roli halifanyi kitu. Hamtapata pichi ya Lord's, ule uwanja maarufu wa London, ila mtapata mpira unaobaki chini, na ndicho mnachokitafuta.

---

Dada_Skora

Meneja, nakujibu ya makaratasi na saa.

TB: hapana. Kipimo hicho wanadai kwa wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Ninyi ni wageni wa siku 16.

Viza mnayoomba ni ya mgeni wa kawaida, nayo inaruhusu kushiriki mashindano ya michezo. Mchezaji wa ridhaa halipwi kwa kucheza, kwa hiyo barua ya mwaliko iseme wazi kwamba timu ni ya ridhaa, itaje tarehe, viwanja, mahali pa kulala, na nani analipa nini. Pasipokuwa na sentensi ya nani analipa, afisa anaangalia akaunti ya benki ya mwanafunzi yenye elfu arobaini na kujiuliza nauli imetoka wapi. Kila mchezaji awe na barua ya chuo au mwajiri inayoonyesha anarudi kwenye nini.

Ombi haliruhusiwi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Alama za vidole ni Dar es Salaam, na majibu kwa kawaida ni ndani ya wiki tatu tangu siku hiyo. Msafiri wa mwanzoni mwa Julai aombe mwanzoni mwa Aprili, asingoje Juni. Pasipoti zinaweza kubaki huko wakati wote huo, kwa hiyo msipange mechi ya Nairobi Mei. Wasio na pasipoti waanze leo Uhamiaji, Arusha au Moshi, na jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na la NIDA. Hapa ndipo safari za timu hukwama: Rehema mmoja ana "h", mwingine hana.

Wale watatu wa chini ya miaka 18: cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya wazazi au mlezi halali, yenye saini, simu, jina la anayesafiri naye na anwani ya wanakolala. Barua ikiwa ya Kiswahili, ambatisha tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri. Nakala moja ibaki kwa kiongozi mkononi, si kwenye begi lililoingizwa tumboni mwa ndege, maana wanaweza kuulizwa pale pale uwanja wa ndege.

Saa: mwezi wa saba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili tu. Hakuna mwili unaohitaji siku nne kwa hilo. Fikeni siku mbili kabla: moja ya kulala na kutembea, moja ya neti. Kinachosumbua ni mwanga. Jua linazama baada ya saa tatu usiku na kunakucha saa kumi na moja kasoro, watoto hawalali. Bebeni vitambaa vya kufunika macho. Na mechi ya saa 12 jioni ya kule ni saa 2 usiku ya tumboni mwenu. Chakula cha maana kiwe saa 9 alasiri, saa 11 ndizi na maji, kisha basi.

Jambo jingine ambalo huku hatulikuti: huku jua haliendi mbali sana na magharibi linapozama, mwaka mzima. Kule Julai linazama kaskazini-magharibi, tena polepole, liko chini kwa muda mrefu. Viwanja vingi pichi zake zimelala kaskazini-kusini. Kwa hiyo kwenye ova za mwisho mpigaji anayetazama kaskazini analo jichoni, na mlinzi aliyeko kusini-mashariki ndiye anayepoteza mpira wa juu. Nahodha aliangalie hilo kabla ya kurusha sarafu.

Kuhusu alama: vilabu vingi vya kule vinatumia programu ya Play-Cricket Scorer. Mtunza alama wenu aipakue na kuizoea mapema, lakini abebe daftari na kalamu za rangi pia. Mvua ikikata mechi, mahesabu ya ova zilizopunguzwa yanataka kujua ni wiketi ngapi (wapigaji waliotolewa) zilikuwa zimeanguka na ova ngapi zimebaki mchezo uliposimama. Kwa mechi ya ova 20, mrushaji mmoja haruhusiwi zaidi ya moja ya tano ya ova zilizobaki. Ikipunguzwa kuwa 16, mmoja tu anaweza kurusha nne, wengine mwisho tatu. Timu ngeni husahau hilo kila mara na mwamuzi hawakumbushi mapema.

---

Kipa_wa_Zamani

Naongeza ya vichwa na miguu.

Helmeti ziwe na kibandiko cha BS7928:2013. Kule walio chini ya miaka 18 hawapigi bila helmeti, na mlinda wiketi wa umri huo akisogea karibu na vijiti naye lazima avae. Kwa wanawake kuna kitu cha kuangalia zaidi: kipimo hicho kinafanywa kwa mpira wa wanaume na kwa mpira wa watoto, na mpira wenu uko katikati. Chagueni iliyopimwa kwa yote miwili, au angalau kwa mdogo, kwa sababu hatari ni mpira kupenya kati ya ukingo wa mbele na nondo za uso. Shikeni mpira, usukumeni kwa mkono pale kwenye nafasi. Ukiingia, nondo zimefungwa vibaya au helmeti si ya mchezo huu.

Nywele ndizo zinazoharibu kila kitu. Mchezaji anapimwa helmeti akiwa na nywele fupi, wiki ya safari anasuka rasta nene na kuzifunga fungu kisogoni. Helmeti inapanda nyuma, ukingo wa mbele unashuka machoni, anaanza kuinua kidevu ili aone mpira, na hapo nafasi ya uso inageuka. Msukeni mistari iliyolala au rasta nyembamba zinazoshuka shingoni, wiki mbili kabla, kisha mpime upya kila mtu: ukingo uwe sawa na ardhi, kamba iguse chini ya kidevu, na akitikisa kichwa isicheze. Wanaovaa hijabu wavae ile ya michezo ya kuvuta, nyepesi, bila pini hata moja. Mpira ukipiga helmeti, pini inaingia kichwani.

Akipigwa kichwani na kuonyesha dalili yoyote, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau matokeo, anatoka na harudi siku hiyo. Hilo lisijadiliwe na nahodha.

Viatu: warushaji wanahitaji spaiki za chuma za kukaza, mbele na kisiginoni. Wapigaji wanatosheka na spaiki mbele na mpira nyuma. Zoeeni viatu huku, mkikimbia kwenye uwanja wa nyasi wa mpira wa miguu, kamwe si kwenye mkeka wenu, mtauchana. Pakeni mafuta ya mgando kidogo kwenye nyuzi za spaiki kabla ya kukaza; tope la kule likikauka humo hazifunguki tena. Funguo mbili, spaiki za akiba seti tatu. Na kila mtu awe na jozi ya pili ya soli ya mpira, kwa sababu neti nyingi za kule ni nyasi bandia na chuma hakiruhusiwi.

Suruali: ulizeni kama mechi za ova 20 zinaruhusu rangi. Kama ndiyo, chagueni bluu iliyokoza, na wachezaji watatulia. Kama ni nyeupe, kaptura ya ndani iwe ya rangi ya ngozi, maana nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayoonekana. Taulo za kike na dawa ya maumivu zikae kwenye begi la timu, zisiachiwe kila mtu ajue lake; safari inavuruga tarehe.

Kuna na chavua. Mwezi wa saba nyasi za kule bado zinatoa vumbi la maua, na mtu ambaye hajawahi kuwa na aleji anaweza kuamka macho mekundu na mafua. Cetirizine haimo kwenye dawa zilizokatazwa michezoni, bebeni pakiti za kutosha.

---

Meneja_Vifaa_AR

Asanteni sana, wakuu. Mmenipunguzia siku mbili za hoteli hapo hapo. Bado mizigo. Tiketi inatoa begi moja la kilo 23 kwa mtu. Wengine wanataka tubebe vijiti, nyavu, na mashine ya kurushia.

Pia kocha anataka warushaji sita wa kasi kwa sababu ya huo mpira wa kuyumba. Sahihi?

---

Mshono_Wima

Vijiti, nyavu, mashine: acheni vyote. Klabu yoyote itakayowapokea inavyo.

Hesabu ya begi: gongo la uzito wa kawaida kwa wanawake ni kilo 1.1 hivi, pedi za miguu kilo moja na nusu, helmeti karibu kilo moja, glovu na kinga za paja na kifua kilo moja na nusu, viatu jozi mbili kilo mbili. Jumla ni saba na kitu. Kinachowamaliza ni lile begi kubwa la magurudumu, lenyewe tupu ni kilo nne au tano. Tumieni mabegi ya turubai ya kawaida na mtabaki na nafasi ya nguo, sweta mbili na koti la mvua. Gongo haliingii na wewe ndani ya ndege, linapanda na mizigo. Betri za akiba za simu ni kinyume chake: zinakaa na abiria, haziruhusiwi mizigoni.

Magongo mapya yaandaliwe huku, mwezi mmoja kabla. Mafuta ya kitani mabichi, tabaka jembamba usoni na kingoni, yasiguse maungio ya mpini. Lilaze kutwa nzima. Halafu nyundo ya mbao, taratibu, jumla kama saa sita kwa siku kadhaa, kingo zikipigwa kwa kuinamisha, kamwe si moja kwa moja. Yenye karatasi ya plastiki usoni hayapakwi mafuta mahali ilipofunika. Kopo la mafuta na vitambaa vyake vibaki Arusha, kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa hujipasha moto na kinaweza kuwaka chenyewe. Ncha ya gongo ifungwe kinga ya mpira, kwa sababu kwenye nyasi mbichi inanyonya maji, inavimba na kupasuka.

---

Dada_Skora

Kasi sita, hapana. Mwambie kocha wanne, na wa spini, yaani wanaorusha polepole mpira ukizunguka, watatu au wanne.

Mechi za jioni katikati ya wiki mara nyingi zinachezewa kwenye pichi iliyokwisha kutumika, nayo ni ya polepole. Mpira wa polepole unaofika chini ndio mgumu kuupeleka hadi kamba, hasa kwa hewa ile aliyoieleza Mshono_Wima. Isitoshe, ova sita za mwanzo wanaruhusiwa walinzi wawili tu nje ya duara lililochorwa kuzunguka pichi, na duara la wanawake lina nusu kipenyo cha mita 23 tu. Mpira wa kasi ukiguswa kidogo unapita wenyewe hadi kamba. Wa spini lazima mpigaji autafutie nguvu mwenyewe.

Na si jambo jipya. Ziara ya kwanza kabisa ya timu ya taifa ya wanawake ilikuwa ya Uingereza kwenda Australia na New Zealand, 1934 hadi 1935, wachezaji wakijilipia nauli ya meli. Kwenye Test (mechi ya siku kadhaa) ya kwanza, Brisbane, Desemba 1934, Myrtle Maclagan aliwamaliza wenyeji kwa spini: wiketi 7 kwa mikimbio 10, Australia wote nje kwa 47.

Ila hao wa spini wafanye mazoezi na mpira uliolowa. Chovya mpira kwenye ndoo, ufute kwa taulo mara moja, rusha. Ova mbili mbili. Nyasi za saa mbili usiku kule zina umande, na anayetegemea vidole vikavu ataachia mipira ya juu tupu. Taulo ndogo mbili kwa kila ova, moja kwa mrushaji kiunoni, nyingine kwa mlinda wiketi.

---

Kipa_wa_Zamani

Na mkeka wenu, baada ya mazoezi ya masika, usikunjwe mbichi. Utandazeni juu ya saruji siku ya jua, geuzeni, ndipo mkunje. Ukioza katikati, mpira unadunda ovyo sehemu moja tu ya pichi, na mpigaji anapoteza miezi miwili akijirekebisha kwa kosa lisilo lake.